Kutoka Nkuhungu Hadi Chumba cha Habari: Mwongozo wa Kubana na Kurusha Video

Tangu Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na hivyo kutekeleza uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu mwaka 1973, habari nyingi za kitaifa zimekuwa zikizaliwa katika uwanda wa kati, iwe ni bungeni, katika Mji wa Serikali wa Mtumba au Ikulu ya Chamwino, ilhali vyumba vikuu vya habari vya vituo vingi vya televisheni vimebaki Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450 kwa barabara. Pengo hilo huzibwa na picha inayosafiri hewani, na anayebeba dhamana ya safari hiyo si fundi aliyeko studio bali ni kikosi kidogo cha uwandani, mara nyingi watu wawili au watatu wenye kamera moja, begi la betri na kifaa cha kurushia picha kinachobebwa mgongoni.

Nkuhungu, kata ya makazi ndani ya Jiji la Dodoma, inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu inamweka mwandishi kati ya hali mbili zisizofanana. Upande mmoja upo mji wenye minara mingi na watumiaji wengi zaidi, ambako mawimbi ni mengi lakini njia imejaa. Upande wa pili, baada ya mwendo usio mrefu wa gari, huanza mashamba ya mtama, uwele na zabibu, mibuyu na vijiji vilivyotawanyika, ambako njia haina foleni lakini mawimbi yenyewe ni haba. Msongamano na uhaba hufanana kwenye kioo cha studio, kwa kuwa vyote huishia kwenye picha iliyoganda, lakini tiba zake ni tofauti, na kikosi kinachotibu kimoja kwa dawa ya kingine hupoteza habari. Mwongozo huu unashikilia kwamba ubora wa picha inayofika studio hauamuliwi na bei ya kamera, bali na namna kikosi kinavyozitumia biti chache kilizopewa na mahali, na kwamba matumizi hayo huanza pale mpiga picha anapochagua pa kusimama.

Kwa nini picha hubanwa

Fremu moja ya picha ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600, na televisheni ya ukanda huu huonyesha fremu 25 kwa kila sekunde. Kila nukta ikieleza mwanga na rangi yake kwa biti 20, kama ilivyo kawaida katika kamera za kitaalamu, jumla hufikia takriban megabiti 1,037 kwa sekunde. Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa za kidijitali, yenye thamani ya sifuri au moja, na megabiti moja ni biti milioni. Laini ya simu ikimpa mwandishi megabiti 5 za kupakia kwa sekunde, picha hiyo itapaswa kupunguzwa zaidi ya mara 200 ndipo ipite. Kifaa au programu inayofanya kazi hiyo huitwa enkoda, na kule picha inakofikia husomwa na king'amuzi, neno ambalo watazamaji wa Tanzania walilizoea tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012.

Enkoda hupunguza picha kwa njia tatu. Kwanza hupunguza taarifa za rangi, kwa kuwa jicho la binadamu hutofautisha mwanga na kivuli kwa makini zaidi kuliko linavyotofautisha rangi, hivyo nukta nne za jirani zinaweza kushirikiana rangi moja bila mtazamaji kugundua. Pili huigawa fremu katika miraba midogo na kuueleza kila mraba kwa jumla ya mawimbi, makubwa yakieleza umbo la jumla na madogo yakieleza vitu vya ndani kama nyuzi za nguo au makunyanzi ya uso, kisha huyapunguza au kuyatupa yale madogo ambayo jicho haliyakosi sana. Msingi wa kihisabati wa hatua hii ulichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, na umetumika katika picha na video za kidijitali hadi leo. Tatu, na hapa ndipo akiba kubwa zaidi inapopatikana, enkoda hulinganisha fremu na zile zilizotangulia, na badala ya kuchora upya kitu ambacho kimesogea tu, hutuma maelekezo ya kwamba mraba fulani umehama kwa nukta kadhaa kwenda kushoto au juu.

Kutokana na njia hiyo ya tatu, mkondo wa video huwa na fremu za aina tatu: fremu kamili, ambayo hujitegemea kama picha ya kawaida, fremu ya utabiri, ambayo hueleza tu kilichobadilika tangu fremu iliyotangulia, na fremu ya pande mbili, ambayo hutazama iliyotangulia na ijayo kwa pamoja. Fremu ya pande mbili hubana vizuri kuliko zote, lakini hulazimisha kusubiri fremu ambayo bado haijafika, kwa hiyo katika mahojiano ya mbashara, ambapo mtangazaji wa studio na mwandishi wanajibizana, inafaa kuzimwa ili kupunguza ucheleweshaji. Fremu kamili nayo ndiyo nanga ya mkondo: kifurushi cha data kikipotea njiani, kasoro huendelea kurithiwa na fremu zinazofuata mpaka fremu kamili nyingine iwasili, na ndiyo sababu ni busara fremu kamili ziwekwe kila baada ya sekunde moja au mbili, yaani kila fremu 25 hadi 50, hata kama programu inaruhusu nafasi ndefu zaidi kwa ajili ya kubania biti.

Kuhusu kodeki, yaani kanuni zinazokubaliwa kati ya enkoda na king'amuzi, mbili ndizo zenye umuhimu kwa kikosi cha habari. H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, husomwa na karibu kila kifaa; H.265, iliyofuata mwaka 2013, hutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya biti, lakini hudai nguvu kubwa zaidi ya kuchakata, humaliza betri haraka na huhitaji king'amuzi kinachoifahamu upande wa studio. Pale ambapo studio inaipokea, H.265 ndiyo chaguo la Dodoma vijijini, kwa sababu nusu ya biti huko ndiyo tofauti kati ya kuonekana na kutoonekana. Kwa mtu mmoja anayezungumza akiwa ametulia, megabiti 3 kwa sekunde katika H.265, au 5 hadi 6 katika H.264, hutosha kwa picha ya ubora wa juu. Kasi ikishuka chini ya megabiti 2 ni afadhali kupunguza ukubwa wa fremu hadi nukta 1,280 kwa 720, kwa kuwa picha ndogo iliyo safi humfaa mtazamaji kuliko picha kubwa iliyojaa miraba.

Sauti haipaswi kuguswa katika upunguzaji huo. Kilobiti 128 kwa sekunde zinatosha kwa sauti nzuri ya mazungumzo, na hizo ni sehemu ndogo sana ya mkondo mzima, ilhali mtazamaji huvumilia picha iliyofifia kwa dakika nzima na kuhama chaneli baada ya sekunde chache za sauti inayokatika.

Vumbi, upepo na uchaguzi wa pahali pa kusimama

Ikiwa akiba kubwa ya biti inatokana na vitu ambavyo havikubadilika kati ya fremu na fremu, basi adui mkubwa wa enkoda ni kitu kinachobadilika kila mahali kwa wakati mmoja, na Dodoma ina vitu vya namna hiyo kwa wingi. Katika miezi ya kiangazi, mvua zikiwa zimekoma na ardhi imekauka, upepo wa uwanda hubeba vumbi jekundu, na bodaboda moja inayopita kwenye barabara ya mtaa isiyo na lami huacha nyuma yake pazia ambalo kila punje yake inakwenda upande wake. Macho ya binadamu huliona pazia hilo kama kitu kimoja, lakini enkoda hutafuta katika fremu iliyotangulia mraba unaofanana na kila kipande cha vumbi, haiupati, na hulazimika kuchora upya eneo lote. Biti zinazotumika kwa vumbi hutolewa kwenye fungu lilelile la biti za uso wa anayehojiwa, na kwa hiyo kwenye kioo cha studio vumbi la nyuma yake hubaki na umbo lake huku shavu la mzungumzaji likigeuka miraba mikubwa isiyo na ngozi, midomo ikisogea nusu sekunde baada ya sauti, na macho yakipotea kabisa anapogeuza kichwa.

Tiba ya hali hiyo haipo kwenye menyu ya enkoda. Mpiga picha anayejua kwamba laini yake ni nyembamba atamgeuza mzungumzaji hatua chache ili nyuma yake uwepo ukuta wa tofali, mlango wa duka uliofungwa au mwamba, badala ya barabara, mti wenye majani yanayotikisika au shamba la mtama linaloyumba kwa upepo. Kamera itawekwa kwenye miguu mitatu, kwa sababu mtikisiko mdogo wa mkono husogeza nukta zote za fremu kwa wakati mmoja. Tundu la lenzi litafunguliwa zaidi, kwa msaada wa kichujio cha kupunguza mwanga ikiwa jua ni kali, ili mandhari ya nyuma ififie na kukosa vitu vidogovidogo vinavyodai biti. Na mvuto wa lenzi, ule wa kusogeza picha karibu au mbali, utaachwa kabisa wakati wa mbashara. Hatua hizi hazina gharama yoyote, na mara nyingi huiokoa picha kwa kiasi ambacho laini ya ziada isingeweza.

Usiku huleta vumbi la aina nyingine. Kamera inapokosa mwanga hukuza mawimbi ya umeme ya kihisi chake, na pamoja nayo hukuza chembechembe za kelele zinazorukaruka katika kila fremu, ambazo kwa enkoda hazina tofauti na vumbi la barabarani. Taa ndogo ya betri inayomwangazia mwandishi anaporipoti kwa taarifa ya habari ya saa 2 usiku si pambo la sura; ni kifaa cha kubania video, na inastahili nafasi katika begi kama antena inavyostahili.

Kuna matukio ambayo hayawezi kutulizwa kwa namna hiyo. Ngoma za Wagogo, hasa muheme unaopigwa na wanawake, huwa na shanga, vitambaa na mabega yanayotikisika kwa pamoja, na uzuri wake umo katika mtikisiko huohuo ambao enkoda hushindwa kuubana. Kuzirusha mbashara kwa megabiti 3 ni kuzidhulumu, kwani kitakachoonekana ni ukungu wa rangi. Ni heshima zaidi kwa wachezaji na kwa watazamaji kurekodi kwa ubora kamili kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kutuma faili baadaye, huku mbashara ikibaki kwa mwandishi anayezungumza akiwa pembeni ya uwanja.

Kutoka kwenye kamera hadi kwenye gari

Pale ambapo kamera inatembea na enkoda imebaki kwenye gari, picha huruka masafa mafupi kwa kisambaza mawimbi kilichofungwa nyuma ya kamera. Vifaa vya bei nafuu hutumia mkanda wa gigahezi 5, ambao hupoteza nguvu haraka na haupendi vizuizi; vile vya kitaalamu hutumia mikanda yenye leseni, kwa kawaida karibu na gigahezi 2, na mfumo unaozigawa data katika vibebaji vidogo vingi vinavyokwenda taratibu sambamba, wa familia moja na ule wa televisheni ya kidijitali ya ardhini. Faida ya mfumo huo huonekana wazi katika mtaa wa makazi kama wa Nkuhungu, ambako paa za mabati hurudisha mawimbi kama kuta zinavyorudisha mwangwi: nakala kadhaa za wimbi moja hufika kwenye antena kwa kuchelewana kidogo, na kwa kuwa kila kibebaji ni cha taratibu, mwangwi unaochelewa hauharibu kipande cha data kinachofuata.

Kanuni ya kwanza ya masafa haya ni kwamba umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Ya pili ni kwamba antena kuonana kwa macho hakutoshi, kwa kuwa mawimbi husafiri ndani ya eneo lenye umbo kama tango, jembamba kwenye ncha na nene katikati, na eneo hilo linahitaji kuwa wazi kwa sehemu kubwa. Kwa umbali wa kilomita 2 na masafa ya gigahezi 5.8, unene huo katikati hufikia takriban mita 5 kila upande wa mstari, kwa hiyo antena mbili zinazoonana juu tu ya mapaa ya nyumba bado zitasumbuana na mabati yaliyo katikati ya njia. Mwili wa binadamu nao, ukiwa na maji mengi, hufyonza mawimbi, ndiyo maana kisambazaji kinachofungwa kiunoni mwa mpiga picha hupotea ghafla anapougeuzia mgongo upande wa gari. Kikipandishwa juu ya usawa wa kichwa, na mpokeaji akiwa na antena mbili zilizotenganishwa kwa hatua moja au mbili ili moja ikikosa nyingine ipate, sehemu kubwa ya matatizo hayo humalizika.

Kutoka mtaani hadi Dar es Salaam

Safari ndefu siku hizi hufanywa zaidi na mitandao ya simu, kwa mbinu ya kuunganisha laini. Kifaa hubeba kadi za kampuni kadhaa, kama vile Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, huikatakata video katika vifurushi vidogo, huvigawa kwa kila laini kulingana na uwezo wake wa sekunde hiyo, na seva iliyo studio huvipanga upya kwa mfuatano wake. Laini moja ikizidiwa, nyingine hubeba zaidi. Na kwa kuwa kila laini ina ucheleweshaji wake, seva hulazimika kuisubiri ile iliyo ya taratibu kuliko zote, jambo ambalo ndilo asili ya ule ukimya wa sekunde mbili au tatu kati ya swali la mtangazaji na jibu la mwandishi.

Makosa mengi hutokana na kudhani kwamba kampuni nyingi ni njia nyingi. Sehemu kubwa ya minara ya Tanzania humilikiwa na kampuni za minara, Helios Towers ikiwa mojawapo, ambazo huwakodishia watoa huduma nafasi ya kuning'iniza antena zao, na hivyo laini tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa zinategemea mnara mmoja, umeme mmoja na jenereta moja. Kikosi kinachojiandaa kwa tukio kubwa kinapaswa kutazama minara kwa macho, kuhesabu ni mingapi inayoonekana kutoka pale kilipo na kujua ni laini ipi iko wapi, kisha kuchagua mchanganyiko unaogusa minara miwili au zaidi hata kama mmojawapo una mawimbi dhaifu.

Kosa jingine ni kutegemea vijiti vya mawimbi kwenye kioo cha simu. Vijiti hueleza jinsi simu inavyousikia mnara. Havielezi ni watu wangapi wanaoutumia, wala jinsi mnara unavyoisikia simu. Kinachopaswa kupimwa ni kasi ya kupakia, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kupakua, na ipimwe kwa dakika kadhaa mfululizo, kisha enkoda iwekwe kwenye takriban theluthi mbili ya kiwango cha chini kilichoonekana, si cha wastani. Ikiwa kipimo kilicheza kati ya megabiti 4 na 9, mpango salama ni chini kidogo ya megabiti 3, na ziada iachwe kwa ajili ya kurudia vifurushi vitakavyopotea.

Msongamano una ratiba yake, na ratiba hiyo inaweza kujulikana mapema. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti hujaza mji kwa wabunge, maofisa, wageni na waandishi, na wote hupakia picha kutoka eneo dogo. Siku ya kusomwa kwa bajeti kuu, laini ya waya kwenye jengo la Bunge, inayotumia nyuzi za mwanga kama zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, inapaswa kuwa njia ya kwanza na laini za simu ziwe akiba. Mzunguko wa siku ya kawaida nao hustahili kufikiriwa, kwa sababu watu huhama na simu zao: mchana minara ya maofisini hubeba mzigo, na jioni mzigo hurudi majumbani. Katika kata ya makazi kama Nkuhungu, saa 2 usiku ndiyo saa ambayo familia zimekaa na kila simu inatazama video, na ndiyo saa hiyohiyo ambayo studio inamhitaji mwandishi hewani. Kikosi kilichopiga habari yake Nkuhungu mchana kinaweza kupata njia nyeupe zaidi kwa kwenda kuripotia mbele ya ofisi zilizofungwa kuliko kubaki mtaani, mradi maneno ya mwandishi yaeleze kwa uaminifu mahali aliposimama.

Itifaki, yaani taratibu za mazungumzo kati ya vifaa, ina uzito wake pia. Kikosi kisicho na kifaa cha kuunganisha laini kinaweza kutumia SRT, itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Haivision na kufunguliwa kwa umma mwaka 2017, ambayo huomba kifurushi kilichopotea kitumwe tena ndani ya muda uliokubaliwa. Muda huo huwekwa na mtumiaji, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kuuweka usiopungua mara nne ya muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi. Ujumbe ukichukua milisekunde 80, kiwango cha chini ni 320. Lakini kwa mtandao wa simu unaoyumba, milisekunde 1,000 hadi 2,000 ni salama zaidi, na kwa hotuba isiyo na mazungumzo muda unaweza kuongezwa zaidi bila mtazamaji kujua. Wakati wa majibizano, studio inapaswa kumrudishia mwandishi sauti yote ya kipindi isipokuwa yake mwenyewe, kwani anayesikia maneno yake yakimrudia baada ya sekunde mbili hushindwa kuendelea kusema.

Hesabu ya bando haina ugumu. Megabiti 5 kwa sekunde kwa saa nzima ni gigabaiti 2.25, na vifurushi vya kurudiwa hulipandisha hitaji hadi karibu 2.7, zikigawanyika katika laini zote. Bando lililobakiza kidogo kwenye laini moja halitatangaza linapoisha; litapunguza tu njia katikati ya sentensi.

Ambako minara huisha

Nje ya mji, kurekodi na kutuma baadaye mara nyingi hushinda mbashara. Habari ya dakika mbili kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, ikihifadhiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde, ni faili la megabaiti 120. Kwa laini inayopakia megabiti 1.5 kwa sekunde, faili hilo hufika kwa takriban dakika 11 likiwa zima na safi, ilhali mbashara kwa megabiti hizohizo 1.5 ingekuwa na miraba tangu mwanzo hadi mwisho. Inafaa kutumia programu inayoendelea pale ilipokatikia badala ya kuanza upya, na kutuma kwanza kipande cha sekunde 20 kwa ubora wa chini ili mhariri aanze kuandika huku kilichobaki kikija. Katika vilima vya Kolo wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwamba unaweza kusimama kati ya antena na mnara, na kupanda mita chache kuelekea kilele hufaa kuliko kubadilisha laini.

Setilaiti hubaki kimbilio la mwisho. Zile zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo picha huchelewa robo sekunde kwa kupanda na kushuka tu, na mvua kubwa za Desemba hadi Aprili hufyonza masafa yake ya juu. Gharama yake kihistoria imekuwa nzito, na gharama za urushaji si jambo la mafundi peke yao: Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye alipolieleza Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, ingeacha kurusha mbashara vikao vizima, sababu iliyotajwa ilikuwa gharama, na mjadala uliozuka ulihusu haki ya wananchi kuwaona wawakilishi wao wakifanya kazi. Kila megabiti inayookolewa na kikosi chenye ujuzi huondoa uzito fulani katika hoja ya namna hiyo. Setilaiti za mzingo wa chini zimepunguza bei na ucheleweshaji, na Starlink, mojawapo ya mitandao yake, ilianza huduma nchini Kenya mwaka 2023, lakini kifaa kilichonunuliwa Nairobi hakipaswi kuwashwa Dodoma kabla ya kuthibitisha idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ambayo pia hutoa leseni za masafa kwa visambazaji vya kamera.

Joto hustahili tahadhari kuliko linavyopewa. Enkoda iliyo ndani ya begi jeusi chini ya jua la saa 8 mchana hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na dalili yake hufanana kabisa na ya mtandao mbovu. Kikosi hubadilisha laini, huhamisha gari, hulaumu kampuni ya simu, kumbe kilichohitajika ni kivuli cha mwavuli na feni kusafishwa vumbi.

Maandalizi yenye faida ya kudumu ni daftari la vipimo. Kwa kila mahali ambapo kikosi hurudi mara kwa mara, kuanzia mitaa ya Nkuhungu hadi lango la Bunge, Mtumba na stendi, kasi ya kupakia ya kila laini ipimwe mara tatu kwa siku, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 2 usiku, na iandikwe pamoja na mahali hasa gari liliposimama, upande ulipo mnara, hali ya hewa na kiwango cha enkoda kilichofanikiwa. Ukurasa mmoja wa daftari hilo unaweza kusomeka hivi: kona ya barabara mbele ya ukuta mweupe, minara miwili inaonekana, laini mbili kwenye mnara wa karibu na moja kwenye ule wa mbali, asubuhi megabiti 9, usiku 3, vumbi kutoka kushoto, gari liegeshwe kulia.